Mwalimu Karwirwa Apunguza Mwendo

Mwalimu Karwirwa alikuwa mtu wa haraka tangu utotoni, na haraka hiyo ilimfaa. Alifundisha darasa la nane katika shule moja ya msingi mjini Embu, na kila mwaka darasa lake lilimaliza silabasi kabla mvua za masika hazijakatika, wakati wenzake bado wanahangaika katikati ya vitabu. Miezi iliyobaki ilikuwa ya kufanya mitihani na kusahihisha, kufanya na kusahihisha, mpaka mtoto hata ukimwamsha usingizini anakujibu. Wazazi walimpenda sana. Wanafunzi walimwogopa mpaka siku matokeo yalipotangazwa, halafu nao wakampenda.

Nyumbani kwake, mtaa wa Dallas, mambo yalienda kwa mwendo uleule. Chai ya jioni ikishanywewa, meza ilipanguswa, vitabu vikatolewa, na saa ya ukutani ikateremshwa kutoka kwenye msumari wake na kulazwa kando ya daftari la Wambeti, binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la tatu.

"Maswali kumi, dakika kumi. Anza."

Mdogo wake, Karambu, ambaye alikuwa bado chekechea, alipewa penseli na mstari mzima wa herufi. Baba yao, Njagi, karani katika ofisi ya ardhi, alikuwa mpole asiyependa makelele. Akirudi kutoka kazini alipita kando ya meza kwa hatua za chinichini, akawagusa watoto vichwani, akaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka saa irudi ukutani.

Jioni moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshuka kutoka mlimani, Karwirwa alivuta daftari la Wambeti ili asahihishe. Palikuwa na uchafu juu ya ukurasa. Akaupuliza. Haukutoka wote. Akainama karibu zaidi, akaona ni vinywele vyeusi, vifupi, vilivyopinda. Zilikuwa kope.

"Wambeti, hebu niangalie."

Mtoto akainua uso. Kope za jicho la kulia zilikuwa zimekwisha katikati, pamebaki pengo, na ngozi ya hapo ilikuwa nyekundu. Karwirwa alijiuliza ni tangu lini amekuwa akiketi na mtoto huyu kila jioni bila kumwona. Macho yake yalikuwa kwenye daftari tu.

"Nani amekutoa kope?"

"Zinatoka zenyewe," Wambeti akasema.

Karambu, ambaye hakuwa ameulizwa, akadakia, "Anazing'oa. Saa ikiwekwa hapo, anazing'oa."

Kesho yake jicho lilikuwa limevimba. Daktari wa kliniki moja pale mjini, mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya koti lake jeupe, alimpa dawa ya matone, kisha akamwomba Wambeti akakae kwenye benchi la nje.

"Jicho litapona wiki hii, Mwalimu. Kope nazo zitaota. Lakini atazing'oa tena. Huyu mtoto ana hofu, na mikono yake imepata kazi ya kufanya na hiyo hofu. Kwenu kukoje?"

"Kwetu hakuna shida yoyote," Karwirwa akajibu upesi. "Tunasoma tu."

"Mnasoma vipi?"

Karwirwa akaeleza. Alipofika kwenye habari ya saa, alisikia sauti yake mwenyewe ikififia.

"Mpunguzieni mwendo," daktari akasema. "Dawa hiyo siwezi kukuandikia. Mtaitafuta wenyewe huko nyumbani."

Karwirwa hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalilalia. Jumamosi hiyohiyo alinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, akachora ratiba. Saa kumi na moja, kutazama mimea. Saa kumi na moja na nusu, kuchora. Saa kumi na mbili, kuimba. Saa kumi na mbili na robo, kutulia. Akaibandika sebuleni, juu ya kochi. Njagi aliisoma akiwa ameshika kikombe cha chai, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Unacheka nini?"

"Mama Wambeti, umewapa robo saa ya kutulia. Sasa wakichelewa kutulia utawafanya nini?"

Mkewe hakucheka. Jumatatu jioni aliwatoa watoto nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na mgomba mmoja na mboga ya maboga iliyojiotea kando ya ua. "Tazameni," akawaambia. Wakatazama. Karambu alichoka upesi akaanza kuchimba udongo kwa kijiti. Wambeti alisimama mikono nyuma, kama aliye mbele ya mkaguzi wa shule.

"Mama, kutakuwa na maswali?"

"Hakuna maswali."

"Sasa nitajuaje kama nimetazama vizuri?"

Na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda usoni.

Kabla ya chakula Karwirwa aliibandua ile manila, akaikunja, akaitupa juu ya kabati. Alijiona mjinga. Angekuwa amepewa watoto hamsini na kitabu cha hesabu, angejua la kufanya. Sasa alikuwa na watoto wawili na jioni moja, na hakujua aanzie wapi.

Aliyemsaidia alikuwa jirani yake Ednah, mwalimu wa chekechea ya kanisani, msichana ambaye Karwirwa siku zote alikuwa akimwona kama mtu anayelipwa kwa kucheza. Walikutana kwenye kamba ya nguo. Karwirwa, huku anaanika, alijikuta akimsimulia kisa chote, hadi cha ile manila.

"Umeanza na mambo manne kwa mpigo, Mwalimu," Ednah akasema. "Anza na moja. Tena liwe dogo mpaka uone aibu kulitaja."

"Kama lipi?"

"Wasomee hadithi baada ya chakula. Ukimaliza, funga kitabu, nyamaza."

"Ninyamaze?"

"Usiulize mhusika mkuu ni nani. Usiulize wamejifunza nini. Usiulize kitu." Ednah akabana shuka kwa kibanio. "Hapo ndipo penye kazi, kwako wewe."

Na kweli ilikuwa kazi. Karwirwa aliazima maktabani kitabu kilichochakaa cha hadithi za wanyama. Ya kwanza ilikuwa ya fisi aliyetaka kuajiriwa kuchunga kondoo. Walipomaliza kula githeri aliwaketisha watoto kochini, mmoja huku na mmoja huku, akaanza. Alisoma vizuri, kwa maana kusoma kwa sauti alikujua. Alipofika mahali fisi anaulizwa na mwenye kondoo kama ana uzoefu wa kazi, naye anajibu kwamba amekaa na kondoo wengi sana kwa ukaribu sana, Karambu alicheka mpaka akateleza chini. Kisha ukurasa ukaisha, na maswali yakajaa mdomoni mwa Mwalimu Karwirwa kama maji. Akafunga kitabu. Akafunga na mdomo.

Wambeti akangoja. Akamtazama mama yake. Akangoja tena.

"Basi?"

"Basi. Tutaendelea kesho."

Mtoto akashusha pumzi ndefu, akaegemea kwapani mwa mama yake, na wakakaa hivyo kidogo. Karwirwa hakukumbuka mara ya mwisho walipokaa hivyo.

Hadithi ya baada ya chakula ikawa desturi. Kazi ya shule ilifanywa bado, lakini ile tu waliyopewa na walimu, na saa ikabaki kwenye msumari wake. Kazi ikizidi kiasi, Karwirwa aliifunga hata kama haijaisha. Ilimbidi aende kumweleza mwalimu wa darasa la tatu, Bwana Kivuti, aliyekuwa akifundisha naye shule moja.

"Wewe?" Kivuti akauliza, akiwa amejishika kifua. "Mwalimu Karwirwa ndiye anaomba mtoto apunguziwe kazi?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nipunguzie tu."

Wiki kadhaa zilipita. Siku moja, watoto wakiwa wanaoga kwenye beseni, Karwirwa alikuja na taulo akasikia sauti nyuma ya pazia. Wambeti alikuwa akimsimulia mdogo wake hadithi ya fisi, yote, kwa Kiembu, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuruka kitu. Alikuwa ameongeza hata vya kwake: fisi alikuja kuomba kazi akitokea Dallas, amepakiwa kwa bodaboda, na amekataa kulipa. Karwirwa alisimama na taulo lake mpaka maji ya watoto yakapoa. Alikuwa amefundisha ufupisho kwa miaka kumi na zaidi, na hajawahi kupata mwanafunzi aliyekumbuka kiasi kile.

Alianza kuelewa kwamba jambo moja likizoea nyumba, linavuta lingine. Hakulazimisha tena. Jambo la pili hata halikutoka kwake. Njagi alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, sauti ya besi, na kwa kuwa sasa hakuna tena sababu ya kukaa nje kwenye ngazi, Jumapili moja jioni alianza kuwafundisha watoto kuimba kwa do-re-mi, akiwaonyesha sauti kwa mkono, juu na chini. Karambu alikosea kila mara, na kila alipokosea baba yake aliufuata ule wimbo wake uliokosewa mpaka wote wanacheka. Karwirwa, aliyekuwa akisahihisha insha za darasa la nane kwenye kona ya meza, aliweka kalamu yake nyekundu chini akachukua sauti ya pili.

Mwezi wa tisa walifikia jambo gumu zaidi, nalo ni tuisheni ya Jumamosi. Watoto wote wa mtaa walienda. Karwirwa alimtoa Wambeti, na Jumamosi wakawa wanapanda kwa mama yake Njagi, huko Kianjokoma, karibu na msitu, mahali penye mashamba ya chai na ukungu. Mwanamke huyo, ambaye Wambeti alipewa jina lake, hakufurahishwa hata kidogo.

"Mbona hawa wako hapa Jumamosi? Wamefukuzwa?"

"Hapana, Mama. Tumekuja kukusaidia."

"Kunisaidia! Mimi nilichuma chai nikiwa na mimba ya Njagi ili asome, sasa wewe mwalimu unawaleta watoto wake wachume chai?"

Karwirwa alijaribu kueleza habari ya kope. Mama mkwe alimsikiliza, akamvuta Wambeti karibu na mwanga, akamtazama macho kwa muda mrefu. Kisha akasema tu kwamba chai imeiva, waende wakanywe. Lakini hakuuliza tena habari ya tuisheni, na Jumamosi iliyofuata alikuwa amewatafutia watoto vikapu vidogo.

Kazi ya Karwirwa huko shambani ilikuwa kujizuia. Akiona watoto wameshika majani, ulimi ulimwasha: hesabuni! Akiona jogoo, alitaka kuuliza wingi wake. Alizoea polepole. Siku moja Wambeti alifuata mfereji wa maji unaopita chini ya shamba, akapanda nao, akapotea machoni asubuhi nzima. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni na kiatu kimoja kimejaa matope.

"Mama, haya maji yanaanzia wapi?"

Karwirwa alifungua kinywa ampe jibu la kitabuni, la mlima na theluji na vyanzo vya mito. Halafu akaona kwamba mtoto hakuuliza habari za mito ya Kenya. Aliuliza habari za mfereji huu.

"Sijui," akasema. Lilikuwa neno geni kinywani mwake. "Wiki ijayo twende tuufuate."

Waliufuata wote wanne, wakaruka nyua mbili na kuomba ruhusa kwa mwenye ng'ombe mmoja mkali, mpaka wakafika mahali maji yalipochepushwa kutoka mtoni kwa mawe na magunia ya mchanga. Wambeti aliketi hapo akiutazama mto ukigawanyika. Hakuna aliyemharakisha. Kope zake wakati huo zilikuwa zimeota zote, na hakuna aliyekumbuka kusema lolote juu ya hilo.

Kisha mwezi wa kumi na moja ripoti za shule zikatoka.

Wambeti alikuwa wa tatu muhula wa kwanza. Sasa alikuwa wa ishirini na sita. Habari ilifika chumba cha walimu kabla ya ripoti yenyewe. Hakuna aliyemwambia Karwirwa jambo baya usoni, lakini mazungumzo yalikatika alipoingia, na mwalimu mkuu alimwita kando ya bendera akamwambia kwa upole, "Mwalimu, wazazi wanatuangalia. Wakisikia mtoto wako mwenyewe yuko huko chini, watauliza."

Alirudi Dallas kwa miguu, ripoti ikiwa mkobani. Njia nzima alikuwa akijitukana. Amewafundisha watoto wa watu wakaenda shule kubwa, na wa kwake amemlea kwa nyimbo na mifereji. Alipofika nyumbani hakuvua hata sweta. Alipangusa meza. Akapanda kwenye kiti, akaitungua saa.

"Wambeti, leta daftari."

Mtoto aliona saa, akasimama mlangoni. Hakulia. Alikuja polepole akaketi pale alipozoea kuketi zamani, na mgongo wake ukajikunja.

Njagi alikuwa ametoka kubadilisha viatu. Safari hii hakwenda kwenye ngazi. Alivuta kiti, akaketi kando ya Wambeti, akachukua penseli.

"Nipe na mimi," akamwambia mkewe.

"Baba Wambeti, huu si wakati wa mchezo."

"Sichezi. Nipe maswali ya darasa lako la nane. Nipime kwa saa."

Karwirwa alikuwa na hasira, kwa hiyo akampa. Alimsukumia karatasi ya mtihani na kusema, "Dakika kumi. Anza." Njagi akaanza. Alikuwa mtu wa hesabu nzuri. Kazini kwake alikokotoa ekari za watu kila siku. Lakini saa ilikuwa ikigonga pale karibu na kiwiko chake, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alifuta. Akaandika. Akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. "Zimebaki mbili," Karwirwa akasema, kwa sauti yake ya darasani. Karambu alianza kucheka akimwona baba anavyotoa jasho, halafu akaacha.

Muda ulipokwisha Njagi aliweka penseli chini. Alikuwa amefanya maswali manne, na mawili kati ya hayo alikosea. Alimshika mkewe mkono akauweka kifuani pake, juu ya shati.

"Sikia moyo unavyokimbia," akasema. "Na mimi ni mtu mzima, niko kwangu, na najua huwezi kunipiga."

Karwirwa aliusikia. Alisimama hivyo, mkono juu ya kifua cha mumewe, akiwa anamtazama binti yake. Wambeti alikuwa amekalia viganja vyake vyote viwili ili visiende popote.

Karwirwa alipanda tena kwenye kiti akaitundika saa. Akaitoa ripoti mkobani, akaisoma kwa mara ya pili, safari hii bila kukimbilia pale chini penye namba. Alikuta kwamba kwa Kiswahili insha Wambeti alikuwa amepata alama nyingi kuliko muhula wowote, na maoni ya mwalimu yalisema kwamba katika hesabu alijibu nusu tu ya maswali, ila yale aliyojibu yote yalikuwa sahihi. Hakuwa amemaliza, basi.

"Tule," akasema. "Leo nani anachagua hadithi?"

Krismasi walienda kwao Karwirwa, Nkubu, upande wa Meru. Baba yake, Mzee Marete, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ingawa alistaafu, kazi hakuiacha. Kila Krismasi, baada ya ibada na kabla ya nyama, aliwapanga wajukuu wote sebuleni kwa urefu na kuwauliza hesabu za kichwa. Aliyejibu upesi alipigiwa makofi. Aliyesitasita aliambiwa akae chini. Karwirwa mwenyewe alikulia katika mstari huo, na safari nzima kutoka Embu, kupitia Chuka na madaraja yake, hakuwaza kingine.

Mzee aliketi kwenye kiti chake cha mkono, saa ya mkononi ameivua na kuiweka juu ya goti. Wajukuu walijibu mmoja mmoja, pa, pa, pa. Akafika kwa Wambeti.

"Saba mara nane."

Wambeti alifikiri. Binamu zake wakaanza kuguna. Mzee akatazama saa yake.

"Haya, kaa—"

"Baba," Karwirwa akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na shangazi zake waliokuwa jikoni wakachungulia. "Baba, naomba umpe muda."

Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kumkatiza baba yake. Mzee aligeuza shingo akamtazama juu ya miwani. "Muda gani?"

"Ule atakaouhitaji."

Wambeti hakuwa akiwasikiliza. Macho yake yalikuwa yametua kwenye beseni la njugu za makadamia zilizoanikwa pale barazani, nje ya mlango. "Babu, naweza kutumia hizo?"

Mzee hakuwa na sheria ya kulijibu swali kama hilo. Akatikisa kichwa kwa kukubali, nusu tu. Mtoto akabeba njugu kwenye sketi yake, akazimwaga juu ya meza ya wageni, akaanza kuzipanga. Njugu za makadamia ni za mviringo na zinapenda kubingirika. Alilazimika kuweka kitambaa cha meza kwa mikunjo ili zitulie. Mistari saba, kila mstari nane. Binamu zake walichoka wakatoka nje kucheza mpira. Nyama ikaanza kunukia. Mzee Marete alijaribu kuendelea na wengine lakini wengine walikuwa wameondoka, kwa hiyo akabaki akitazama. Njugu moja ilipobingirika kuelekea ukingoni, aliizuia kwa kidole.

"Hamsini na sita," Wambeti akasema hatimaye.

"Hilo ningekuambia mimi mara moja," babu yake akasema.

"Najua, Babu. Lakini njoo usimame hapa." Alimvuta mkono, na mzee akainuka na fimbo yake akaenda upande wa pili wa meza. "Ukiwa kule ni mistari saba ya nane. Ukiwa hapa ni mistari minane ya saba. Na hatujagusa hata njugu moja."

Mzee alitazama. Alirudi upande wake wa kwanza, akatazama tena. Kisha akaita kwa sauti kwamba nyama imekawia, wanampikia nani.

Baada ya chakula, jua likiwa bado juu ya migomba, alimkuta Karwirwa akikosha sufuria barazani. Akaketi kwenye ukingo.

"Jedwali la saba lilikutoa machozi," akasema. "Nakumbuka. Ulikuwa unajifunga kanga ya mama yako usoni ili nisione."

"Uliona?"

"Niliona." Alichora kitu sakafuni kwa ncha ya fimbo. "Nilifikiri ndivyo watoto wanavyojifunza."

Karwirwa aliendelea kusugua sufuria iliyokuwa tayari imetakata. "Nilijifunza, Baba. Nimefika mahali kwa sababu yako."

"Ndiyo. Lakini ulikuwa unalia."

Karwirwa akammiminia chai, na wakainywa wakitazama watoto wakigombania mpira wa makaratasi.

Mwaka mpya ulikuja na mambo yake. Wambeti hakurudi kuwa wa tatu. Alipanda kidogo, akashuka kidogo, akatulia katikati, na Bwana Kivuti, aliyepanda na darasa lake hadi la nne, alilalamika kwamba siku hizi anauliza maswali yanayokula nusu ya somo. Karwirwa aliendelea kufundisha darasa la nane, na silabasi yake ikaanza kuisha mwezi wa saba kama ya wenzake. Wazazi wawili watatu walinung'unika. Mwalimu mkuu alisubiri matokeo, na matokeo yalipokuja hayakuwa mabaya, basi akaacha kusubiri.

Pasaka iliyofuata, bila kuwaarifu, Mzee Marete alishuka Embu na mkungu wa ndizi na begi dogo. Alisema amekuja kumwona daktari wa meno. Daktari hakumwona. Jioni ya kwanza alikaa kochini pamoja na wajukuu wake, Karwirwa akasoma sura ya kwanza ya kitabu kipya, cha msichana aliyefuga kinyonga kwa siri ndani ya nyumba iliyojaa watu waoga, na kabla ya kurasa mbili kwisha mzee alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Asubuhi, Karwirwa akiwa jikoni anakoroga uji, alimsikia baba yake barazani.

"Wewe Wambeti. Njoo hapa. Yule kinyonga aliwekwa wapi?"

"Babu, si ulikuwa umelala?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Ukasikika mlio wa kigoda kikiburutwa. Wambeti alianza kusimulia. Alianzia mbali, kwa jina la msichana, nyumba ilivyokuwa, nani aliogopa nini, na hakuwa na haraka yoyote. Karambu alimsahihisha mahali, wakabishana, wakapatana. Karwirwa alipunguza moto chini ya uji ili usichemke kwa kelele. Huko nje mjukuu alinyamaza kidogo kutafuta neno, na yule mzee, aliyekuwa akiwaketisha watoto kwa kusita mara moja tu, akangoja. Alingoja mpaka neno likapatikana.

"Kisha?" akauliza.